Makali Laini Huokoa Ngozi: Namna ya Kuchagua Kinoo

Mbuzi akichinjwa Kiritiri, nyama yake huliwa siku ile ile au kesho yake, lakini ngozi yake bado ina safari ndefu. Itatiwa chumvi, au itawambwa ikauke kivulini. Itanunuliwa na mchuuzi. Na mwisho itafika kwenye kiwanda cha ngozi, labda Thika au Athi River. Huko kila tundu na kila mkato ulioachwa na kisu cha mchunaji utaonekana. Ngozi yenye tundu katikati haiwezi kutoa kipande kikubwa cha kiatu wala cha mfuko, kwa hiyo hushushwa daraja, na bei yake hushuka pamoja nayo. Mwenye mbuzi amemlisha mnyama wake katika nchi kavu ya Mbeere, amemtafutia maji wakati wa kiangazi, amemtibu alipougua. Kisha sehemu ya faida yake hupotea kwa dakika moja mkononi mwa mtu mwenye kisu kibaya.

Watu wengi wakiona ngozi iliyotobolewa husema, "Kisu kilikuwa kikali mno." Mara nyingi maneno hayo si kweli. Kisu kilicho butu hulazimisha mkono kutumia nguvu, na mkono wenye nguvu nyingi ukiteleza hauzuiliki. Tena kuna kisu kinachoonekana kikali, kumbe makali yake ni kama meno ya msumeno. Kisu cha namna hiyo hakipiti kwa ulaini kati ya ngozi na nyama, bali hukwama, kisha huruka, na kinaporuka huingia ndani ya ngozi.

Tuseme kijana mmoja anachuna mbuzi machinjioni, na mzee aliyezoea kazi hiyo amesimama karibu akitazama. Kijana anatoboa ngozi mara ya pili. Mzee anamwambia, "Mwanangu, hebu nipe kisu hicho." Anakipitisha polepole juu ya ukucha wa kidole gumba bila kukikandamiza, naye anasikia makali yakikwaruza.

"Umekinoa lini?"

"Leo asubuhi, mzee, tena kwa muda mrefu."

"Umekinolea nini?"

"Jiwe la mtoni, lile tunalonolea panga."

"Basi ndiyo sababu," asema mzee. "Hukukosea kukinoa. Umekosea kuachia hapo."

Maneno ya mzee huyo yana maana kubwa, na yafaa kila mwenye kisu ayafahamu. Kunoa si kazi moja, ni kazi mbili: kwanza kukipa chuma umbo lake, kisha kukilainisha. Jiwe linalofaa kazi ya kwanza halifai kazi ya pili.

KINOO HUFANYA KAZI GANI

Ukikitazama kisu kwa makini utaona ubapa wake, kisha karibu na ukingo utaona sehemu nyembamba iliyopunguzwa ikashuka mpaka kwenye makali. Sehemu hiyo ndiyo mshazari wa kisu. Visu vingi vina mishazari miwili, mmoja kila upande, nayo makali ni mahali mishazari hiyo inapokutana.

Kinoo hakiongezi kitu juu ya kisu, bali hupunguza. Kila chembe ya jiwe ni kama patasi ndogo sana inayochimba mfereji juu ya mshazari. Chembe kubwa huchimba mfereji mkubwa, na chembe ndogo huchimba mfereji mdogo. Mifereji hiyo yote huishia kwenye makali. Kwa hiyo mshazari wenye mikwaruzo mikubwa utakuwa na makali yenye meno makubwa, na mshazari ulio laini utakuwa na makali yaliyonyoka. Hii ndiyo sababu mshazari wa kisu hulainishwa. Kung'aa si urembo tu; ni dalili ya namna makali yenyewe yalivyo.

MAWE NA UGUMU WAKE

Jiwe haliwezi kukwaruza chuma kama halikuzidi chuma kwa ugumu. Mnamo mwaka 1812 mtaalamu wa mawe aitwaye Friedrich Mohs alipanga ugumu wa mawe kwa daraja 10, la mwisho likiwa almasi. Pua ya kisu huwa karibu daraja la 5 na nusu mpaka la 6 na nusu. Lile jiwe jeupe gumu liitwalo kwatzi, ambalo chembe zake huonekana katika miamba mingi na mchanga mwingi wa mito, ni daraja la 7. Ndiyo maana tangu zamani watu wameweza kunoa panga na visu kwa mawe ya mtoni.

Lakini jiwe la mtoni lina kasoro moja: chembe zake hazilingani. Mtu aweza kunoa vizuri mara kumi, na mara ya kumi na moja chembe moja kubwa ikapita juu ya makali na kuharibu kazi yote. Kwa jembe na panga jambo hilo si kitu. Kwa kisu cha kuchunia ni hasara.

Vinoo vya dukani havina kasoro hiyo, kwa kuwa chembe zake zimechekechwa na kupangwa kwa ukubwa kabla ya kushikamanishwa. Kuna aina tatu zinazopatikana zaidi. Ya kwanza ni oksidi ya alumini, itengenezwayo kutokana na udongo wa boksiti. Ugumu wake ni daraja la 9. Ya pili ni kabidi ya silikoni, ambayo imezidi hiyo kidogo. Mmarekani Edward Acheson aliigundua mwaka 1891 alipokuwa akichoma udongo na makaa kwa umeme akitumaini kupata almasi. Hakupata almasi, lakini alipata kitu kinachokata chuma upesi, akakiita Carborundum. Chembe zake zina ncha kali, nazo huvunjika na kutoa ncha mpya. Ya tatu ni bamba la chuma lililogandishwa vumbi la almasi. Bamba hilo halichimbiki katikati kama jiwe, lakini likiwa jipya hukwaruza kuliko nambari yake inavyoonyesha, mpaka litumiwe kwa muda.

Aina ya nne haina budi kutajwa kwa sababu ni rahisi kwa bei, nayo ni msasa. Jina hilo ni la mti ambao majani yake yana kukuru, na mafundi wa zamani waliyatumia kulainishia mbao. Siku hizi msasa ni karatasi iliyopakwa chembe. Ule mweusi unaotumiwa pamoja na maji, ambao mafundi wa rangi za magari huutumia, una chembe za kabidi ya silikoni. Ukitandazwa juu ya kipande cha kioo kinene kilicho bapa, huwa kinoo kizuri sana cha kumalizia.

MAANA YA NAMBARI

Kinoo au msasa huwa na nambari, na kanuni yake ni hii: nambari ikipanda, chembe hupungua ukubwa. Katika msasa wenye herufi P mbele ya nambari, ambao hufuata kipimo cha Ulaya, chembe za P240 zina ukubwa wa karibu sehemu 58 za elfu ya milimita. Za P400 ni 35. Za P1000 ni 18. Na za P2000 ni 10. Mtu akitaka kulinganisha, unywele wa kichwa una unene wa sehemu kati ya 50 na 100 za elfu ya milimita.

Hapa mnunuzi ajihadhari. Nchi zote hazifuati kipimo kimoja. Msasa wa kipimo cha Marekani ulioandikwa 600 ni karibu sawa na P1200 wa Ulaya, na vinoo vya maji vya Kijapani vina hesabu yao. Kwa hiyo mtu asichanganye karatasi za vipimo viwili akidhani nambari kubwa lazima iwe laini zaidi.

Kinoo kikiwa hakina nambari, kijaribiwe kwa ukucha. Upande unaotafuna ukucha upesi na kuacha unga ni wa kutengenezea umbo. Upande unaoteleza na kuufanya ukucha kuwa laini ni wa kumalizia.

KAZI TATU, MAKALI MATATU

Si kila kisu kinahitaji kung'aa kama kioo. Mwenye busara huuliza kwanza, "Kisu hiki kitakata nini?"

Panga la kufyekea vichaka linagonga miti migumu na mara nyingine mawe. Likilainishwa sana ni kazi bure, kwani ulaini huo hautadumu hata asubuhi moja. Tupa, na baada ya tupa upande mkwaruzo wa kinoo, vyatosha. Mshazari wake uwe mnene, karibu digrii 25 mpaka 30 kila upande, ili makali yasivunjike.

Kisu cha kuchunia kinataka ulaini zaidi. Mchunaji hodari hutumia ncha kwa kupasulia mistari ya kwanza tu, kisha mbuzi humchuna kwa kusukuma ngumi kati ya ngozi na nyama, naye hurudia kisu pale tu ngozi iliposhikamana. Hapo kisu lazima kipite bila kulazimishwa. Mshazari wa digrii 20 hivi, uliomaliziwa kwenye nambari 1000 na kupitishwa juu ya mkanda wa ngozi, unafaa sana. Ncha ya kisu ikiwa ya mviringo ni bora zaidi, kwa maana ncha iliyochongoka hutafuta mahali pa kutoboa. Ikumbukwe pia kwamba kisu cha pua laini hakina haja ya kupita nambari hiyo. Hakiwezi kuyashika makali membamba sana, na kazi itakuwa imepotea.

Kisu cha kuungia miche ndicho kinachotaka ulaini kupita vyote. Wakulima wengi wa Mbeere hupanda miembe, na miembe bora ya aina ya Apple au Ngowe hupatikana kwa kuunga kitawi chake juu ya shina la mwembe wa kienyeji. Chini ya ganda la mche kuna tabaka jembamba la kijani ambalo ndilo hukua, na sharti tabaka la kitawi ligusane na tabaka la shina. Kisu chenye meno huponda tabaka hilo na kuacha mabonde ambamo hewa na maji huingia. Kitawi hukauka, na mkulima hulaumu jua. Kisu hiki kwa kawaida huwa na mshazari upande mmoja tu. Upande huo ulainishwe mpaka nambari 3000 au zaidi. Ule upande ulio bapa usiinuliwe hata kidogo juu ya kinoo. Ulazwe wote, upitishwe mara chache tu.

NJIA YA KUFUATA

Kwanza kinoo kilowekwe maji kama ni cha maji, au kipakwe mafuta mepesi kama yale ya cherehani ikiwa ni cha mafuta. Mafuta ya kupikia yasitumiwe, kwa sababu huganda na kuziba matundu ya jiwe. Kazi ya maji au mafuta ni kuondoa unga wa chuma ili chembe ziendelee kukata.

Pili, pembe ya mshazari ipimwe. Asiye na chombo achukue karatasi yenye pembe ya mraba. Pembe hiyo ni digrii 90. Ikikunjwa mara moja katikati huwa 45, na ikikunjwa tena huwa 22 na nusu. Karatasi hiyo ikisimamishwa juu ya kinoo huonyesha mgongo wa kisu uinuliwe kiasi gani.

Tatu, mshazari upakwe masizi ya sufuria yaliyochanganywa na tone la mafuta, kisha kisu kipitishwe mara mbili tatu. Pale masizi yalipoondoka ndipo jiwe linapogusa. Yakiondoka karibu na mgongo tu na kubaki kwenye makali, mgongo uinuliwe kidogo. Yakiondoka ukingoni tu, mgongo uteremshwe. Dawa hii haina gharama, nayo huokoa saa nyingi za kunoa pasipo faida.

Nne, kisu kinolewe upande mmoja kwenye jiwe kubwa la chembe, kama 240, mpaka unyuzi mwembamba wa chuma usikike kwa kidole umepindukia upande wa pili, kutoka kwenye mpini mpaka nchani. Unyuzi huo ni ushuhuda kwamba jiwe limefika kwenye makali. Pasipo unyuzi, mtu asihamie jiwe jingine, kwa maana atakuwa akilainisha mshazari wa kisu kilicho butu. Kisha upande wa pili ufanyiwe vivyo hivyo.

Tano, na hapa ndipo wengi hushindwa, mtu apande nambari hatua kwa hatua. Kutoka 240 aende 400, kisha 1000, kisha 2000 kama kazi inataka. Nambari inayofuata isizidi sana mara mbili au mara mbili na nusu ya ile iliyotangulia. Anayeruka kutoka 240 mpaka 2000 ataona mshazari unang'aa, lakini chini ya mng'ao ule mikwaruzo mikubwa ingali ipo, kama mashimo ya barabara yaliyofunikwa kwa vumbi. Chembe ndogo haziwezi kufuta mifereji mirefu isipokuwa kwa muda mrefu mno.

Mtu atajuaje kwamba mikwaruzo ya jiwe la kwanza imekwisha? Abadilishe mwelekeo. Kama kwenye 240 alinoa akielekeza mkono kushoto, kwenye 400 aelekeze kulia. Mikwaruzo mipya itakatiza ya zamani. Akiinua kisu kwenye mwanga wa jua na asione tena mstari wa mwelekeo wa kwanza, basi na aendelee mbele. Akiuona hata mmoja, arudi.

Sita, kila nambari inapopanda, nguvu ya mkono ipunguzwe. Kwenye jiwe la mwisho uzito wa kisu chenyewe wakaribia kutosha. Hapo unyuzi ule hupungua mpaka hauonekani, na kinachobaki huondolewa kwa mkanda wa ngozi uliogandishwa juu ya ubao, kama vinyozi wa zamani walivyofanya kwa nyembe zao. Kwenye mkanda kisu huvutwa kikitangulizwa mgongo, kamwe si makali. Mkanda mkuukuu wa kiunoni, mradi uwe wa ngozi kweli, unafaa.

MAKOSA YA KUEPUKA

La kwanza ni cherehe ya umeme. Inafaa kwa jembe na shoka, lakini kwa kisu chembamba ni hatari, kwa sababu huchemsha makali upesi. Chuma kikipata moto hubadilika rangi: kwanza manjano kama majani makavu, kisha zambarau, kisha buluu. Buluu ikionekana, joto limefika karibu digrii 300, na pua ya kisu cha kawaida imepoteza ugumu wake. Hakuna kinoo kitakachourudisha. Sharti sehemu hiyo yote iondolewe. Kama hapana njia nyingine, kisu kitiwe majini kila mara, na macho yakingwe na cheche.

La pili ni kinoo kilichochimbika katikati. Jiwe lenye bonde huuviringisha mshazari, wala halimruhusu mtu kushika pembe moja. Lisuguliwe juu ya sakafu ya saruji iliyo bapa pamoja na mchanga na maji mpaka linyoke.

La tatu ni kuacha unga wa chuma juu ya kisu. Kisu kinachogusa nyama kioshwe kwa maji na sabuni baada ya kunolewa, kisha kikaushwe. Kutu hula makali kwanza kabla ya kula mahali pengine.

KIPIMO CHA MWISHO

Kisu kilichonolewa vema kikielekezwa kwenye mwanga, makali yake hayaonekani. Mahali paonekanapo mstari mweupe unaong'aa ukingoni pana ubutu, kwani makali yamelala na kurudisha mwanga. Juu ya ukucha kisu hushika bila kukwaruza. Kwenye karatasi hupita kwa sauti moja tangu mwanzo hata mwisho.

Asiye na fedha nyingi aanze na kinoo kimoja chenye pande mbili, karatasi mbili tatu za msasa wa maji, kipande cha kioo, na mkanda wa zamani. Vitu hivyo vinatosha kukitoa kisu kutoka ubutu mpaka ulaini unaofaa kuchunia. Tena kisu kimoja kitengwe kwa kazi ya kuchuna tu, kisikopeshwe kwa kukatia kamba wala kuni.

Yule kijana wa machinjioni, kama atayafuata maneno ya mzee wake, hatahitaji nguvu mpya wala kisu kipya. Atahitaji subira ya kupanda ngazi moja baada ya nyingine. Robo saa aliyoitumia juu ya vinoo itaonekana katika ngozi iliyotandazwa nzima, isiyo na tundu, na mwenye mbuzi atapata haki ya jasho lake. Wahenga walisema, "Haraka haraka haina baraka," na penye kisu na kinoo neno hilo ni kweli kabisa.